Kupanda mchongoma na kushuka kwake: mwongozo kamili wa kuanza roketi za nguvu kubwa

Anayeingia kwenye mchezo huu huanza na swali moja: itapanda mita ngapi? Hilo ni swali jepesi. Mota unainunua dukani ikiwa tayari, inawaka kwa sekunde moja au mbili, na kazi ya kupanda imekwisha. Kinachobaki ni mzigo wa kilo moja na nusu ulio mita mia tatu hewani, na mwenye jukumu la kuushusha bila kuvunja kitu wala kuumiza mtu ni wewe uliyeuunda. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kushuka, hata pale inapoonekana kama inazungumzia gundi.

Nimefuata utaratibu wa Marekani, kwa sababu ndiko mchezo huu ulikokomaa, wenye vyama, bima, viwanja na maduka yake, na kwa sababu Waswahili walio Houston, Columbus au Minneapolis wanaweza kuuanza mwaka huu huu wakitaka. Aliye nchi nyingine ataona hesabu na ufundi ni vile vile. Sheria ndizo zinazobadilika.

Kwanza, "nguvu kubwa" ni ipi?

Mota za roketi hupangwa kwa herufi. Kinachopimwa ni jumla ya msukumo, yaani nguvu ya kusukuma ikizidishwa na muda, na kipimo chake ni nyutoni-sekunde. Kila herufi ina upeo mara mbili ya ile iliyoitangulia. A inaishia 2.5, B inaishia 5, C inaishia 10, na kuendelea hivyo hadi G inayoishia 160. Roketi ndogo za kadibodi zinazouzwa kwenye maduka ya vitu vya watoto hutumia A, B na C. Ukivuka 160 umeingia H, na hapo ndipo nguvu kubwa inapoanza. H inafika 320, I inafika 640, J inafika 1280.

Herufi si kigezo pekee. Roketi inayozidi gramu 1500 ikiwa na mota yake, au yenye fueli inayozidi gramu 125, au mota ambayo wastani wa msukumo wake unapita nyutoni 80, nayo huhesabiwa ya nguvu kubwa hata kama herufi yake ni G.

Vyeti viko vitatu. Cha kwanza kinakuruhusu H na I. Cha pili ni J, K na L. Cha tatu ni M na kwenda juu. Mwongozo huu unaishia cheti cha kwanza, ukigusia kidogo cha pili.

Mota yenyewe hutambulishwa kwa maandishi mafupi ambayo lazima uyasome bila kusita. Chukua H128W-14 ya kampuni ya AeroTech. H ni daraja lake. 128 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. W ni aina ya fueli, ile inayotoa mwali mweupe. 14 ni sekunde zinazopita tangu mota imalize kusukuma hadi ilipue baruti kidogo iliyo kichwani mwake ili kutoa parachuti. Namba hiyo ya mwisho ndiyo wageni huipuuza, na ndiyo inayoua roketi nyingi. Tutairudia.

Nenda uwanjani mikono mitupu

Kabla hujanunua hata msasa, nenda ukaangalie watu wakirusha. Kuna vyama viwili vikubwa, National Association of Rocketry, maarufu kama NAR, na Tripoli Rocketry Association. Vyote vina vikundi vya mikoani vyenye viwanja vyao: jangwa la Black Rock huko Nevada, ziwa kavu la Lucerne huko California, malisho ya Argonia huko Kansas, na mashamba mengine mengi yaliyokwisha kuvunwa. Tovuti za vyama hivyo zina orodha ya vikundi vilivyo karibu nawe na tarehe zao. Kutazama kwa kawaida ni bure. Beba kiti, maji na kofia, maana viwanja hivi havina mti.

Ukifika, usikae nyuma na simu. Simama karibu na meza ya afisa wa usalama, kwa heshima, usikilize anavyowahoji wenye roketi. Ina uzito gani? Kitovu cha uzito kiko wapi? Umetumia mota gani, na kwa nini sekunde hizo za kuchelewesha? Maswali hayo hayo utaulizwa wewe. Halafu tazama zinazoharibika. Utaona chache mno zinaharibikia kwenye reli, ule mhimili unaoiongoza roketi inapoondoka. Nyingi zinapanda vizuri kabisa, watu wanashangilia, kisha parachuti haitoki, au inatoka imeungua, au inatoka roketi ikiwa inashuka kwa kasi na kamba inalipasua bomba kama kisu kinavyopasua muhogo.

Wazee wa mchezo huu wanapenda kuulizwa. Mwambie mmoja wao kwamba unataka cheti cha kwanza, na kabla hujamaliza sentensi atakuwa anakuonyesha sanduku lake la vifaa. Urafiki huo ni bora kuliko video zote za mtandaoni, kwa sababu siku yako ikifika ndiye atakayekagua roketi yako.

Ukishaamua, jiunge na chama kimoja. Cheti cha kimoja kinatambuliwa na kingine, kwa hiyo fuata kile ambacho kikundi cha karibu yako kinakitumia. Uanachama una bima ya madhara kwa watu na mali za wengine, na bima hiyo ndiyo inayomfanya mwenye shamba akubali mrushe kwake. Cheti cha kwanza kinahitaji umri wa miaka 18. Kijana wa miaka 14 hadi 17 anaweza kupata cheti cha vijana cha NAR, na Tripoli wana mpango wa kurusha chini ya msimamizi kuanzia miaka 12.

Ruhusa ya anga haikupasi kuitafuta peke yako. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inaziita roketi hizi daraja la pili, na haziruki bila kibali chake. Kikundi ndicho kinachokiomba, kwa uwanja ule na kwa urefu maalumu. Wewe unachotakiwa kujua ni urefu huo, kwa sababu huruhusiwi kuupita. Hairushwi roketi kuingia ndani ya wingu, wala anga ikiwa imefunikwa na mawingu zaidi ya nusu, wala mahali ambapo huoni mbali kwa maili tano.

Cheti cha kwanza kinadai nini

Kidogo kuliko unavyodhani. Unda roketi mwenyewe, iruke kwa mota ya H au I, parachuti ifunguke, ishuke salama, na uirudishe mezani ikiwa katika hali ya kuweza kuruka tena siku ile ile. Ikipotea, hujapata. Mota ikichomoka na kuanguka peke yake, hujapata. Pezi likivunjika kiasi cha kuhitaji gundi, hujapata. Hakuna mtihani wa maandishi kwenye ngazi hii kwa NAR, na hakuna anayekupa alama kwa urefu. Aliyefika mita 250 na aliyefika mita 1500 wanapata karatasi ile ile, tofauti ni kwamba wa pili ametembea kilomita mbili kuifuata roketi yake, kama ameiona ilipoangukia.

Kwa hiyo ushauri wangu hauna mapambo: chagua roketi nene, nyepesi, isiyopanda sana, isiyo na elektroniki ndani. Kujionyesha utajionyesha mwakani.

Kuchagua seti

Nunua seti iliyokatwa tayari. Tafuta yenye bomba la kadibodi nene la inchi 4, yaani sentimita 10, mapezi ya plaiwudi, na bomba la mota la milimita 38. Ukiongeza kipunguzio, bomba hilo la 38 linabeba pia mota za milimita 29, kwa hiyo roketi moja inakuhudumia kuanzia G hadi I. LOC-IV ya LOC Precision na Zephyr ya Apogee ni za namna hii na watu wengi wamepatia vyeti vyao. Andaa kati ya dola mia moja na mia mbili kwa seti, na kando yake parachuti nzuri, kibano cha kuishika mota isichomoke, na gundi.

Fiberiglasi iache. Ni nzuri, ni ngumu, inang'aa, lakini ni nzito. Uzito unadai mota kubwa, mota kubwa inaleta urefu, na urefu unaleta matembezi. Roketi nyembamba nazo ziache kwa sababu hiyo hiyo. Bomba la sentimita 10 lina ukinzani mwingi wa hewa, na ukinzani kwa mara ya kwanza ni rafiki yako: roketi inabaki unapoiona.

Kuunda

Unahitaji gundi ya epoksi ya dakika 30, ile ya dakika 5 ya kushikiza tu, epoksi ya chuma inayovumilia joto kwa ajili ya kibano cha mota (wengi hutumia J-B Weld), msasa wa namba 120 na 220, kisu kikali, rula, glavu na barakoa. Fungua madirisha. Epoksi ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kukuletea mzio usioondoka.

Panga kila kitu bila gundi kwanza. Pete za plaiwudi, zile zinazoshika bomba la mota katikati ya bomba kubwa, ziingie kwa kusukumwa kidogo, si kwa kugongwa. Mapezi yapite kwenye nafasi zilizokatwa ubavuni mwa bomba hadi yaguse bomba la mota lililo ndani. Hapo ndipo nguvu ya roketi hii ilipo: pezi linashikwa sehemu tatu, kwenye bomba la mota, ndani ya ukuta na nje ya ukuta. Kila sehemu itakayopakwa gundi ipigwe msasa kwanza, pamoja na kuondoa ile ngozi laini inayong'aa juu ya kadibodi. Epoksi haishiki kitu kinachong'aa.

Kisha fuata mpangilio huu. Gundisha pete ya mbele na ya kati kwenye bomba la mota, na kwenye pete ya mbele funga kamba ya kuunganishia pua na bomba kabla hujaifungia ndani, kwani baadaye mkono hautafika. Ingiza mkusanyiko huo ndani ya bomba kubwa. Pete ya nyuma usiigundishe bado. Iache wazi ili uweze kumimina gundi ndani, kwenye maungio ya mapezi na bomba la mota. Weka mapezi moja moja, ukitumia kiolezo cha karatasi kinachokuja na seti ili yakae sawasawa. Pezi lililopinda kidogo litaizungusha roketi tu, lakini lililopinda sana litaipeleka pembeni. Gundi ya ndani ikikauka, funga pete ya nyuma, halafu paka ukingo wa gundi kwa nje, ukiulainisha kwa kidole chenye glavu kilicholoweshwa spiriti.

Kibano cha mota ni lazima kiwe cha kukaza kwa skrubu au uzi wa kuzungusha. Baruti inapolipuka inasukuma pande zote mbili: pua mbele, mota nyuma. Mota isiposhikwa itatoka yenyewe, parachuti itabaki ndani, na roketi itakuja na pua chini.

Vifungo vya reli ni viwili, kimoja karibu na mkia na kingine karibu na kitovu cha uzito, na skrubu zake ziingie kwenye mbao, si kwenye kadibodi tupu. Pia toboa tundu la milimita 3 ubavuni mwa bomba, chini kidogo ya pua. Roketi inapopanda, hewa ya nje inapungua shinikizo na iliyo ndani inataka kutoka. Bila tundu inaweza kuisukuma pua itoke kabla ya wakati.

Rangi ni upendavyo, mradi isiwe ya majani makavu. Chungwa au pinki kali. Atakayecheka rangi ya pinki hajatafuta roketi ya kahawia kwenye shamba la ngano.

Hesabu nne kabla ya kununua mota

Programu ya OpenRocket ni ya bure, na inafanya hesabu hizi zote ukiijazia vipimo vya roketi yako. Usiijazie uzito ulioandikwa kwenye boksi la seti. Pima roketi iliyokamilika kwa mizani, pamoja na gundi na rangi, kwani gundi peke yake huongeza gramu nyingi kuliko unavyotarajia. Lakini zielewe hesabu zenyewe, kwa sababu afisa wa usalama hataihoji kompyuta yako. Tuchukue roketi ya kilo 1.5 ikiwa imejazwa, yenye bomba la sentimita 10, na mota yetu ya H128W.

Ya kwanza ni uthabiti. Kila roketi ina kitovu cha uzito, pale inapokaa sawa ukiibebesha kwenye kidole, na ina kitovu cha nguvu ya hewa, ambacho programu au maelezo ya seti yatakuambia. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya kile cha hewa kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba. Kwetu sisi ni sentimita 10. Pima roketi ikiwa na mota, parachuti na kila kitu, maana mota huvuta uzito nyuma. Ikipungua, ongeza uzito ndani ya pua na uumiminie epoksi. Ikiwa kipenyo kimoja na nusu au viwili, vizuri. Ukizidisha sana, roketi hupinda kuufuata upepo inapotoka kwenye reli.

Ya pili ni msukumo dhidi ya uzito. Kilo 1.5 ni takribani nyutoni 14.7. Gawanya 128 kwa 14.7, unapata karibu 8.7. Kanuni za usalama za NAR zinakataa chini ya 3, na warushaji wengi hawashuki chini ya 5. Tuko salama.

Ya tatu ni kasi ya kutoka kwenye reli. Mapezi hayana kazi mpaka hewa ipite juu yake kwa kasi, na kabla ya hapo ni reli tu inayoishika roketi. Lengo ni angalau mita 15 kwa sekunde. Msukumo ukitoa uzito unabaki nyutoni 113, ukigawa kwa kilo 1.5 unapata mwendo unaoongezeka mita 75 kwa sekunde kila sekunde. Kwenye reli yenye urefu wa kutumika mita 1.8, roketi inatoka na kasi ya karibu mita 16 kwa sekunde. Inatosha, ingawa siku ya upepo mkali ningeomba reli ndefu zaidi.

Ya nne ndiyo ile ya sekunde za kuchelewesha. Mota inasukuma kwa takribani sekunde 1.3. Kwa roketi hii nene, kilele kitakuwa karibu mita 330, na itachukua kama sekunde 6.5 baada ya mota kuzima hadi kufika pale. Mota imetoka kiwandani na 14. Ukiiacha hivyo, roketi itafika kileleni, itageuka, na itaporomoka kwa sekunde saba na nusu kabla ya baruti kulipuka. Wakati huo itakuwa inakimbia kilomita zaidi ya 190 kwa saa, na imebakiza kama mita mia moja kufika chini. Parachuti ikifunguka kwa kasi hiyo, ama itachanika, ama kamba italipasua bomba kutoka mdomoni kwenda chini.

Kwa hiyo unachimba. Mota hizi huja na kijiti cha kuchelewesha kinachoweza kupunguzwa kwa kifaa maalumu cha mkono, na kila urefu unaochimba unaondoa sekunde 2, 4, 6 au 8. Ukitoa 8 kwenye 14 unabaki na 6, ambayo ni nusu sekunde kabla ya kilele. Safi kabisa. Chimba kwa mkono, polepole, kwa kifaa cha kampuni iliyotengeneza mota hiyo na kwa maelezo yaliyo kwenye karatasi yake, wala usitumie drili ya umeme.

Mota: kununua, kubeba, kuhifadhi

Kuna za kutumia mara moja na kutupa, na kuna zenye kasha la alumini unalolijaza upya kila mara. Kwa siku ya cheti ninapendelea ya kutupa: hakuna pete za mpira za kukosea kuzipanga. Kasha ni la gharama nafuu zaidi kwa muda mrefu ukishakuwa na mazoea, ila utaliosha siku ile ile kabla masizi hayajaganda.

Huwezi kuagiza H ukiwa huna cheti. Muuzaji anayekuja uwanjani atakuuzia kwa ajili ya jaribio la cheti siku hiyo, kwa hiyo mwandikie mapema ili alete unayoitaka. Hii pia inakuokoa na ada ya usafirishaji wa vitu hatari.

Fueli yenyewe ni amoniamu pakloreti iliyoshikanishwa na mpira, na inaungua, hailipuki. Zamani ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha na vilipuzi, iliihesabu kuwa kilipuzi, hadi NAR na Tripoli walipoishitaki mwaka 2000, na mwaka 2009 jaji akakubaliana nao. Ndiyo maana leo huhitaji leseni ya vilipuzi ya serikali kuu ili kuwa nayo. Majimbo mengine yana masharti ya zimamoto yake, California ikiwa mfano, kwa hiyo uliza kikundi chako.

Na kwa wenzangu wanaorudi nyumbani likizo: mota ya roketi haipandi ndege ya abiria, si kwenye mkoba wa mkononi wala kwenye sanduku. Hata ile ndogo ya mtoto. Zawadi ya mpwa wako iwe seti bila mota. Kama yuko Kenya na ana hamu ya kweli, mwelekeze Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja, ambako wanafunzi wa mradi uitwao Nakuja wanaunda na kurusha roketi zao. Kujichanganyia fueli jikoni usimfundishe, na wewe usijaribu; hata hapa Marekani, Tripoli huwaruhusu kutengeneza mota zao wale tu waliokwisha pata vyeti vya juu, kwenye siku maalumu.

Parachuti na mkunjo wake

Lengo ni kushuka kwa mita 4.5 hadi 6 kwa sekunde. Roketi yetu ikiwa na parachuti ya kipenyo cha inchi 45, yaani sentimita 114, itashuka kwa takribani mita 5.4 kwa sekunde. Ndogo zaidi itavunja pezi. Kubwa zaidi itakupeleka mbali: kutoka mita 330 itachukua kama dakika moja kufika chini, na kwa upepo wa mita 5 kwa sekunde itakuwa imesogea mita mia tatu. Ongeza ukubwa wa parachuti na umbali huo unaongezeka nao. Tazama ramani ya uwanja kabla hujaamua, hasa upande upepo unakoelekea. Ikining'inia kwenye waya za umeme, haifuatwi na mtu yeyote. Hupigiwa simu kampuni ya umeme.

Kamba inayounganisha pua na bomba iwe na urefu mara tatu hadi tano ya roketi. Fupi ikikazwa ghafla inapasua bomba, au inairudisha pua igonge mapezi. Ikunje kwa mikunjo ya herufi Z na ushike kila fungu kwa kipande kidogo cha utepe wa karatasi. Utepe ukichanika mmoja baada ya mwingine unakula nguvu ya mshtuko. Kati ya mota na parachuti weka kitambaa cha Nomex kisichoshika moto, kikiifunika parachuti yote upande wa chini. Parachuti ya nailoni ikiguswa na gesi ya baruti inayeyuka na kujigandisha, na hapo haitafunguka tena.

Ikunje parachuti siku ya kurusha, si usiku wa kuamkia. Ikikaa imekunjwa inazoea umbo hilo, na siku ya baridi ni mbaya zaidi. Nyunyiza poda kidogo ya mtoto. Kamba zake usizizungushe kwa kukaza. Zilaze ndani ya mkunjo. Kila kitu kiteleze ndani ya bomba bila kusukumwa: ukiligeuza bomba na kulitikisa, vitoke vyenyewe.

Pua ikae vipi? Inua roketi kwa kuishika pua. Bomba linapaswa kubaki limening'inia, na ukitikisa kidogo lianze kuteleza. Likidondoka mara moja, ongeza utepe mmoja kwenye shingo ya pua. Likigoma kabisa, punguza kwa msasa. Jaribu tena uwanjani, kwani kadibodi hunywa unyevu na kuvimba.

Ukiwa na uwanja mdogo, kuna kifaa cha Jolly Logic kinachoifunga parachuti kwa mpira na kuiachia roketi ikikaribia chini, kwa urefu uliouchagua. Kinafanya kazi vizuri, lakini kwa mita 330 sikioni kuwa cha lazima.

Siku yenyewe

Fika mapema, upepo ukiwa bado umelala. Upepo ukipita kilomita 32 kwa saa hakuna kurusha, na kwa cheti cha kwanza mimi ningeahirisha kabla ya hapo. Nunua mota, ichimbe, iweke, kaza kibano. Jaza kadi ya kurusha na fomu ya cheti, kisha nenda kwa afisa wa usalama. Atavuta mapezi, atavuta pua, ataangalia kibano, atauliza yale maswali. Mjibu kwa namba. Kama hujui, sema hujui. Hapo kujitutumua hakusaidii.

Kiwashio hakiingii kwenye mota mpaka roketi imesimama kwenye reli. Mota hizi huwashwa kutoka juu, kwa hiyo waya upenye hadi ugote mwisho ndipo uufunge kwa kofia yake. Kabla ya kuunganisha vibanio vya umeme, vigusanishe. Ukiona cheche, rudi nyuma na uite msimamizi. Unganisha, hakikisha havigusani wala havigusi chuma, na uondoke. Kwa H umbali wa usalama ni mita 30.

Wanapohesabu tano hadi sifuri, macho yabaki kwenye roketi, si kwenye simu. Mwombe mwenzako apige picha. Mota isipowaka, subiri sekunde 60 baada ya umeme kukatwa ndipo uisogelee. Mara nyingi ni kiwashio tu ambacho hakikufika juu. Ikiruka, fuata kwa kidole hadi iguse ardhi, halafu tafuta alama nyuma yake kwenye upeo wa macho, mti au nguzo, kisha tembea kwa mstari huo. Usiikimbilie roketi inayoshuka wala usijaribu kuidaka.

Ukiifikia, ipige picha ilivyolala, kisha irudishe kwa shahidi wa jaribio lako la cheti pamoja na kasha la mota. Atakagua na kutia saini.

Kwenda ngazi ya pili

Rusha roketi hiyo hiyo mara kadhaa zaidi, kwa H nyingine na baadaye I ndogo, ukiandika kila mara uzito, upepo, sekunde za kuchelewesha na kama parachuti ilitoka mapema au kwa kuchelewa. Weka kipimo cha urefu cha shinikizo la hewa ndani, na ulinganishe namba zake na za OpenRocket. Tofauti hiyo itakuonyesha ukinzani halisi wa roketi yako.

Cheti cha pili kina mtihani wa maandishi, unaofanywa kabla ya kurusha J, K au L, na maswali ya kujifunzia yanatolewa na vyama vyenyewe. Hapo ndipo wengi huanza kutumia altimeta, yaani kipimo cha urefu, inayolipua baruti mara mbili: kileleni inatoa parachuti ndogo ili roketi ishuke haraka bila kupeperushwa, na karibu na ardhi inatoa kubwa. Ni mfumo mzuri, wenye betri mbili, swichi mbili na baruti unayoipima mwenyewe kwa gramu, na kila kimoja kati ya hivyo hujaribiwa ardhini kabla ya kuruka. Uanze kuufunga kwenye roketi unayoijua tayari, kwa mota ya I, kabla hujaukabidhi J.